Makao Makuu Mapya, Kijiji Kilekile: Madai ya Majimbo na Serikali za Vijiji Nchini India



Naomba nianze na mtu mmoja aliyekufa kwa njaa kwa hiari yake. Oktoba 19, 1952, katika mji wa Madras, Potti Sriramulu aliacha kula. Alikuwa mfuasi wa Gandhi, zamani mtumishi wa reli, na dai lake lilikuwa moja: wasemaji wa Kitelugu wapewe jimbo lao, watoke chini ya jimbo la Madras ambako Kitamili ndicho kilichokuwa na nguvu. Nehru hakutaka. Miaka mitano tu nyuma Pakistani ilikuwa imejitenga kwa damu nyingi, na Waziri Mkuu aliogopa kila mpaka mpya uliotajwa. Wiki zikapita, mwili wa mzee ukanyauka, na usiku wa Desemba 15 akakata roho. Miji ya Watelugu ikalipuka. Watu walivamia stesheni za reli, polisi wakafyatua risasi, roho zikapotea. Siku nne baadaye Nehru akatangaza kuwa jimbo litaundwa. Oktoba 1, 1953, Andhra ikazaliwa, makao makuu yake Kurnool.

Lakini mtu huyohuyo aliwahi kugoma kula kwa sababu nyingine. Mwaka 1946, huko Nellore, Sriramulu alidai Wadaliti, yaani watu wa matabaka ya chini kabisa ambao wenzao waliwahesabu kuwa najisi, waruhusiwe kuingia hekaluni. Dai hilo halikuhitaji mpaka mpya wala makao makuu. Lilihitaji mtaa ubadilike. Mgomo wa 1952 uko katika kila kitabu cha historia ya India. Huu wa 1946 wanaukumbuka wachache. Nimeufikiria mgomo huo kwa muda mrefu, kwa sababu naona ndani yake swali lililonileta hapa. Mwananchi anaposema kwamba serikali iko mbali naye, haimsikii na inakula mali yake, dawa yake ni ipi? Akatiwe jimbo jipya, au apewe baraza la kijiji lenye meno?

India imejibu swali hilo kwa kukata majimbo, na Katiba yake imerahisisha kazi. Kwa Ibara ya 3, Bunge la Delhi laweza kuunda jimbo, kulipunguza, kulipanua au kulibadilisha jina kwa sheria ya kawaida. Rais huupeleka muswada kwa bunge la jimbo linalohusika ili litoe maoni, lakini maoni hayo hayalifungi Bunge mikono. Januari 2014 bunge la Andhra Pradesh liliukataa muswada wa kuligawa jimbo lao. Telangana ikazaliwa vilevile, Juni 2 mwaka huohuo.

Baada ya Andhra, Nehru aliunda tume ya watu watatu: Fazl Ali, Hriday Nath Kunzru na K. M. Panikkar. Walitoa ripoti mwaka 1955, na Novemba 1, 1956 nchi ikapangwa upya kuwa majimbo 14. Bombay ikagawanywa mwaka 1960 kuwa Maharashtra na Gujarat, Nagaland ikafuata 1963, Haryana ikatoka Punjab mwaka 1966, kisha yakaja majimbo ya kaskazini-mashariki. Novemba 2000, ndani ya wiki mbili, yalizaliwa matatu: Chhattisgarh, Uttaranchal ambayo sasa ni Uttarakhand, na Jharkhand. Leo yako 28, na foleni haijaisha. Wako wanaodai Vidarbha, Bundelkhand, Gorkhaland na Bodoland. Mwaka 2011 bunge la Uttar Pradesh, chini ya Mayawati, lilipitisha azimio la kuligawa jimbo lao kuwa majimbo manne.

Sitaki mtu atoke humu akidhani nawabeza wanaodai. Uttar Pradesh ilikuwa na watu karibu milioni 200 katika sensa ya 2011. Mkulima wa Bundelkhand ambaye kisima chake kimekauka anatawaliwa kutoka Lucknow, makao makuu ya jimbo, na mawaziri wenye mambo elfu mezani, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Panikkar aliliona hilo mwaka 1955. Katika maoni yake ya peke yake alitaka Uttar Pradesh igawanywe. B. R. Ambedkar, aliyeongoza uandishi wa Katiba, aliona vivyo hivyo mwaka huohuo. Watu hawa hawakuwa wachochezi.

Wasikilizaji wa pwani, nawaomba mtazame Kutch, nchi walikotoka wengi wa wafanyabiashara wa Kihindi waliofika Zanzibar na Mombasa. Hadi 1956 Kutch ilikuwa na utawala wake chini ya Delhi, mji wake mkuu Bhuj. Ikaingizwa Bombay. Mwaka 1960 ikaingizwa Gujarat. Leo ni wilaya, ingawa kwa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini. Basi mzee wa Kutch aliweza kuishi chini ya majimbo matatu bila kuhama nyumba, na kila akitaka hati ya shamba lake aliendelea kwenda ofisi ya ardhi ya tarafa, akamngoja karani.

Ofisi hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame. Nawapeleka Jharkhand.

Jharkhand ni nchi ya vilima na misitu, kwao Wasantali, Wamunda, Waoraon na Waho. Chini ya ardhi yake kuna makaa ya mawe na chuma. Huko ndiko Jamshedpur, mji wa chuma ulioanzishwa na familia ya Tata, na huko ndiko Jharia, ambako moto umekuwa ukiteketeza makaa chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka mia moja. Utajiri ulitoka, wenyeji wakabaki na vumbi. Jimbo lao walilidai tangu zamani. Kiongozi wao Jaipal Singh Munda, aliyekuwa nahodha wa timu ya magongo ya India iliyotwaa dhahabu Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, aliwatetea katika Bunge la Katiba, kisha akaongoza chama cha Jharkhand. Tume ya 1955 ikawakatalia. Walingoja miaka 45 mingine. Jimbo lilipozinduliwa Novemba 15, 2000, ilichaguliwa siku ya kuzaliwa kwa Birsa Munda, kijana aliyewapiga vita Waingereza akafia gerezani Ranchi mwaka 1900. Nani asingelia kwa furaha siku hiyo?

Sasa nisikilizeni vizuri. Uchaguzi wa mwisho wa halmashauri za vijiji katika eneo hilo, likiwa bado sehemu ya Bihar, ulikuwa umefanyika mwaka 1978. Jimbo jipya lilizinduliwa, likapata gavana, waziri kiongozi, mahakama kuu na bendera za vyama. Uchaguzi wa vijiji ulifanyika lini? Mwishoni mwa 2010, miaka kumi kamili baada ya kuzaliwa kwa Jharkhand na miaka 32 baada ya ule wa mwisho. Kulikuwa na kesi mahakamani kuhusu viti vya uenyekiti vilivyotengewa wenyeji, na Mahakama Kuu ya nchi iliimaliza mwanzoni mwa 2010, hilo nalikubali. Lakini serikali inayotaka jambo hulitafutia njia, na katika muongo huo serikali za jimbo huko Ranchi zilianguka na kuundwa tena na tena huku wabunge wakivutana juu ya uwaziri. Mwanamke wa Kimunda aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1978 alifikisha 53 kabla hajampigia kura mwenyekiti wa kijiji chake tena. Bunge la jimbo lake mwenyewe alikuwa amekwisha kulipigia.

Darjeeling kuna kisa kinachofanana na hicho. Wagorkha wa vilima vile, wasemaji wa Kinepali, wanadai Gorkhaland. Walipigana miaka ya 1980 wakapewa baraza la vilima mwaka 1988, wakapewa mamlaka nyingine ya eneo muongo wa 2010, na mwaka 2017 waligoma siku 104, maduka yamefungwa na majani ya chai yakiota bila kuchumwa. Huku mapambano hayo yakiendelea, vijiji vya vilima hivyo havikuchagua halmashauri zake tangu mwaka 2000 hadi 2023. Kolkata, makao makuu ya jimbo lao, ilisahau, na viongozi wa vilima nao hawakulifanya kuwa dai la kufa na kupona.

Sheria ya halmashauri hizo ipo, tena nzuri. Wahindi huita baraza la kijiji panchayati, kutokana na neno la tano, wazee watano. Gandhi aliota India ya vijiji vinavyojitawala, lakini Katiba ya 1950 ilikiweka kijiji katika Ibara ya 40, miongoni mwa miongozo ambayo huwezi kuidai mahakamani. Nehru alizindua mfumo mpya wa halmashauri huko Nagaur, Rajasthan, Oktoba 2, 1959. Majimbo mengi yaliuacha ukafa kwa kutoitisha uchaguzi. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha Marekebisho ya 73 ya Katiba, na Aprili 24, 1993 yakaanza kutumika. Uchaguzi kila miaka mitano. Thuluthi ya viti kwa wanawake, nayo majimbo mengi, yakiongozwa na Bihar mwaka 2006, yameifanya nusu. Viti kwa Wadaliti na wenyeji wa makabila kulingana na idadi yao. Tume ya fedha katika kila jimbo. Na juu ya yote, mkutano mkuu wa kijiji wa wapiga kura wote. Leo ziko halmashauri za vijiji zaidi ya laki mbili na nusu, zenye wajumbe wa kuchaguliwa kama milioni tatu, na wanawake kati yao ni zaidi ya milioni moja. Hakuna demokrasia nyingine duniani iliyoita watu wengi hivyo mezani.

Meza hiyo ina chakula gani? Ukiisoma Ibara ya 243G kwa makini utaona ugonjwa ulipo. Penye uchaguzi, Katiba inaamuru. Penye madaraka, inasema bunge la jimbo *laweza* kuzipa halmashauri mamlaka. Mambo 29 yameorodheshwa: maji, barabara, shule za msingi, umwagiliaji mdogo, masoko. Yote yanangoja hiari ya jimbo. Na majimbo mengi hayakuwa na hiari hiyo. Ripoti ya Benki Kuu ya India iliyotoka mwaka 2024 ilionyesha kwamba kodi za halmashauri zenyewe ni kama asilimia 1 tu ya mapato yao. Karibu asilimia 95 ni ruzuku kutoka juu, na ruzuku huja imekwishaandikiwa matumizi. Mwenyekiti wa kijiji anajua kisima kipi kimeoza. Fedha iliyofika ni ya choo.

Mbunge wa jimbo haipendi halmashauri yenye nguvu, na sababu yake inaeleweka. Kura zake zinatokana na barabara aliyoiombea fedha, na mwalimu aliyemhamisha au kumrudisha. Kijiji kikiweza kujijengea barabara, yeye atasimama jukwaani aseme nini? Kwa hiyo waliolia miaka 40 kwamba makao makuu ya zamani yanawanyonya, wakishapata yao, huzikalia fedha za vijiji vilevile walivyokaliwa wao. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wengi wao walipigwa na kufungwa kwa ajili ya dai lao.

Nitawapa mfano unaonigusa kuliko yote. Odisha, ambayo zamani iliandikwa Orissa, ndilo jimbo la kwanza la India kuundwa kwa msingi wa lugha, Aprili 1, 1936. Waodia walipata nyumba yao. Katika kona ya kusini-magharibi ya nyumba hiyo kuna vilima vya Niyamgiri, wanakoishi Wadongria Kondh, watu wachache wanaosema Kikuvi, wanaopanda nanasi na mtama kwenye miteremko, na wanaomwamini Niyam Raja, mfalme wa kilima. Kileleni kuna boksiti. Kampuni ya Vedanta ilijenga kiwanda chini yake, Lanjigarh, na shirika la madini la serikali ya Odisha likawa mshirika wake. Serikali ya jimbo, ile iliyozaliwa ili watu wasitawaliwe kwa lugha ya wengine, ikasimama na mchimbaji.

Aprili 18, 2013, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba mikutano mikuu ya vijiji iseme kama uchimbaji utagusa haki na ibada za wenyeji, kwa kufuata sheria ya haki za misitu ya 2006. Serikali ya jimbo ikachagua vijiji 12. Baadhi havina hata watu mia. Kuanzia Julai hadi Agosti, masika yakinyesha, jaji wa wilaya alipanda vilima kwenda kukaa kwenye kila mkutano. Hebu tuwaze hali ilivyokuwa: hema la turubai, polisi wenye bunduki pembeni, waandishi wa habari, na wanawake wenye pete puani na visu vidogo nyweleni wakisimama mmoja mmoja mbele ya jaji, wakisema kwa Kikuvi kwamba kilima hakiuzwi, na mkalimani akitafsiri. Kijiji cha kwanza kikakataa. Cha pili kikakataa. Agosti 19 cha mwisho, Jarapa, kikakataa. Kumi na viwili kwa kumi na viwili. Kilima hakikuchimbwa. Shirika la jimbo lilirudi mahakamani mwaka 2016 likitaka mikutano irudiwe, likakataliwa.

Wadongria hawakupata jimbo, na wasingeweza kupata. Hawajai hata tarafa. Kilichowaokoa ni mkutano wa kijiji uliopewa nguvu ya kisheria. Kila nikisikia mtu akisema serikali za vijiji ni jambo dogo la kisima na kalavati, humkumbusha Jarapa.

Najua jibu litakalotoka kwenu, na ni zito. Ambedkar, Novemba 1948, aliliambia Bunge la Katiba kwamba kijiji cha India si paradiso. Ni shimo la ubaguzi na ujinga. Alikuwa Mdaliti, alikijua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, naye ubaguzi huo alikuwa ameulalia tangu utoto. Historia ilimthibitisha hata baada ya 1993. Huko Melavalavu, Tamil Nadu, uenyekiti wa kijiji ulitengewa Wadaliti; Murugesan akachaguliwa, na Juni 1997 aliuawa mchana pamoja na wenzake watano na watu wa tabaka la juu ambao hawakukubali kuketi chini yake. Vijiji vingine vya jimbo hilo, kama Pappapatti na Keeripatti, vilikaa miaka kumi bila mwenyekiti kwa sababu wenye nguvu hawakuruhusu Mdaliti kushika kiti. Uchaguzi ulifanikiwa mwaka 2006. Na wako maelfu ya wanawake waliochaguliwa ambao waume zao ndio huketi kwenye kiti, hata watu wakawabunia jina, sarpanch pati, mume wa mwenyekiti.

Ubaya huo upo. Lakini unatibiwa kwa sheria na ulinzi, na huwezi kuutibu kwa kukinyang'anya kijiji madaraka, maana tabaka la juu hukaa pia bungeni, tena kwenye viti vya mbele. Mwanamke aliyeingia barazani nyuma ya mumewe muhula wa kwanza, wakati mwingine huja peke yake muhula wa pili.

Tena kuna mambo ambayo kijiji hakiwezi, na hapa nawapa wadai wa majimbo haki yao. Watu wa Telangana walikuwa na kilio cha mambo matatu: maji, fedha, ajira. Maji ya Krishna na Godavari hayagawanywi na halmashauri ya kijiji. Nafasi za kazi serikalini na vyuo vikuu, pia. Walikuwa wameahidiwa ulinzi mwaka 1956 walipounganishwa na Andhra, ahadi zikavunjwa, vijana wakapigwa risasi mwaka 1969. Kwao jimbo lilikuwa haki, na ningekuwa mbunge Delhi ningelipigia kura.

Ila hata Telangana mihula ya halmashauri zake za vijiji iliisha mwanzoni mwa 2024, ikapita zaidi ya mwaka mzima maofisa wa serikali wakivisimamia vijiji bila wajumbe wa kuchaguliwa. Na Uttarakhand, jimbo lililodaiwa na watu wa milimani waliopigwa risasi Rampur Tiraha Oktoba 1994, liliweka serikali yake Dehradun, bondeni, na watu wa milimani wakaanza tena kusema serikali iko mbali. Ndiyo maana Gairsain ikatangazwa makao makuu ya kiangazi mwaka 2020. Vijiji vya milima hiyo vimekuwa na mabaraza yao ya misitu tangu 1931. Hata hivyo, vijana wa vijiji hivyo wanahama.

Sasa tazameni Kerala, ambayo haikugawanywa wala kuunganishwa tangu 1956. Mwaka 1996 serikali yake iliamua kuzipa halmashauri kati ya asilimia 35 na 40 ya fedha za mpango wa maendeleo, ikawaachia wanavijiji wapange wenyewe katika mikutano yao, na ikawafundisha watu namna ya kupanga. Ilifanya makosa, na fedha nyingine zilipotea kwenye miradi midogomidogo isiyoungana. Lakini zahanati, shule na madaraja ya Kerala yana mwenyewe, na mwenyewe anaishi mtaa huohuo. Hakuna aliyelazimika kufa kwa njaa ili jambo hilo lifanyike. Ulikuwa uamuzi wa serikali ya jimbo, na jimbo lolote laweza kuufanya kesho asubuhi.

Basi msimamo wangu ni huu. Dai la jimbo jipya lisikilizwe kwa haki, moja moja, kwa kuangalia mito, lugha na dhuluma iliyofanyika. Lakini anayedai aulizwe swali mapema, kabla hajashinda: vijiji vyako utavipa nini, na lini?

Sheria iliyoizaa Telangana mwaka 2014 ina vifungu zaidi ya 100. Iligawa madeni, watumishi, umeme na maji ya mito miwili, na ikaifanya Hyderabad kuwa makao makuu ya pamoja kwa miaka isiyozidi kumi. Nawaomba wanafunzi wa sheria mlio humu, na rafiki zetu wanaodai majimbo huko Nagpur, Jhansi na Darjeeling watakaousoma mhadhara huu, mwandike kifungu kimoja zaidi kwa ajili ya sheria ijayo: kwamba jimbo jipya lifanye uchaguzi wa vijiji ndani ya miezi sita, na kwamba angalau theluthi ya fedha zake za maendeleo iende moja kwa moja kwenye halmashauri hizo. Kiandikeni sasa, wakati wanaodai bado wanatuhitaji.